Mvinyo Ambao Hakuuonja

Mwaka wa nane wa ndoa yao, Chepkoech na Kipchirchir walikuwa wameshaacha kuzungumzia watoto. Hawakukaa chini wakaamua hivyo. Mazungumzo yalipungua yenyewe mpaka yakawa hayapo. Hata akina mama wa kanisani walikuwa wameacha kuuliza, na kimya chao kilimuuma Chepkoech kuliko maswali yao ya zamani.

Waliishi Crescent Town, mashariki mwa Toronto, katika moja ya yale maghorofa marefu ambamo kila lifti inanukia mapishi ya nchi tatu nne. Kipchirchir alikuwa nesi kwenye makao ya wazee. Chepkoech alifanya kazi katika mgahawa wa Kihispania upande wa pili wa jiji. Kanisani, na kwao Bomet, watu walijua tu kwamba "yuko hotelini." Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyesimamia mvinyo wote wa mgahawa ule. Aliuchagua, aliutunza, na alimshauri mteja ni upi unywewe na pweza na upi na nyama ya kondoo. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa makamo aitwaye Remedios, mzaliwa wa Galicia kaskazini-magharibi mwa Uhispania, ndiye aliyegundua kwamba binti huyu ana pua ya mvinyo, akampeleka kusomea.

Kipchirchir hakupenda kazi hiyo, ila hakuigombania. Baba yake mdogo alikufa kwa pombe. Chepkoech alilijua hilo, na ndiyo maana nyumbani hakuwahi kuleta chupa hata moja.

Asubuhi moja ya Mei wakala alileta sampuli za mvinyo mweupe wa Rías Baixas, kule kwao Remedios, uliotengenezwa kwa zabibu za albariño. Chepkoech aliujua vizuri. Ni mwepesi, mchachu kama ndimu, na una chumvi kwa mbali, kwa sababu mizabibu yake hukua karibu na bahari, imetandazwa juu ya nguzo za mawe ili upepo upite chini na unyevunyevu usiiozeshe. Lakini siku hiyo alipoinamisha pua kwenye glasi, harufu ilimjia kwa nguvu ambayo hakuwahi kuijua. Alinusa pichi ambayo haijaiva, maganda ya chaza, jiwe lililoloa. Alinusa hata sabuni ya kitambaa kilichoifuta ile glasi. Akairudisha mezani bila kuonja.

"Vipi, mbaya?" wakala akauliza.

"Hapana. Ni mzuri. Ni mzuri mno."

Akirudi nyumbani alipita duka la dawa, akanunua kipimo.

Kipchirchir alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, kipimo kikiwa mikononi mwake, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu asiyejua kusoma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tusimwambie mtu kwanza." Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshampigia mama yake simu.

"Na kazi yako?" Kipchirchir alimwuliza mkewe jioni moja.

"Imefanyaje?"

"Unashinda ukionja pombe."

"Sitaonja tena. Nitanusa tu."

"Na hizo harufu?"

"Harufu hailewi mtu, Kipchirchir. Daktari nimemwuliza. Wewe mwenyewe unajua."

Alijua, kwa kuwa alikuwa nesi. Lakini tangu siku hiyo, Chepkoech akirudi kazini, mume wake alilipokea koti lake mlangoni na kulitundika ukumbini, si chumbani walikolala.

Kazini hakumwambia mtu. Aliyemgundua ni Landry, mhudumu kutoka Bujumbura, kijana mpole aliyependa kumsaidia kupanga stoo. Watu wa kazi hiyo huonja mvinyo mwingi kwa siku, kwa hiyo hawamezi; hutema kwenye ndoo ndogo.

"Dada," Landry alimwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mwingine aliyeielewa mle ndani, "mbona siku hizi ndoo yako ni kavu?"

Chepkoech akamtazama, akashindwa kudanganya. Aliweka mkono tumboni tu. Landry alishika kichwa. "Imana ishimwe," akasema kwa Kirundi, Mungu asifiwe. Halafu akavuta kiti. "Basi wewe utakuwa pua. Mimi nitakuwa ulimi."

Ndivyo walivyofanya majira yote ya joto. Remedios alikuwa ametangaza karamu ya mwisho wa Septemba, ambapo wageni wangeizunguka Uhispania kwa glasi saba, kuanzia bahari ya kaskazini hadi jua la kusini, na kila glasi ikiandamana na sahani yake. Kazi ya kuchagua ilikuwa ya Chepkoech. Mawakala walileta chupa, yeye akanusa, Landry akaonja na kumweleza.

"Huu unakausha mdomo," Landry alisema siku moja, akiwa na glasi ya mvinyo mwekundu mzito. "Kama chai iliyosahauliwa jikoni."

"Huo ni wa Ribera del Duero. Ni juu sana kule, mchana joto, usiku baridi kali. Zabibu zinaota ngozi nene. Na mwisho wake?"

"Mrefu. Bado uko mdomoni."

"Basi tunauchukua. Nilinusa hivyo."

Wakachagua wa Rioja uliokaa miaka mingi kwenye mapipa ya mwaloni mpaka ukalainika na kunukia vanila na ngozi ya kiatu kizuri. Wakachagua wa Priorat, ambako mizabibu imeng'ang'ania milima ya mawe meusi yanayobanduka kama vigae, na zabibu ni chache lakini zina nguvu ya ajabu. Wakachagua cava ya Penedès, ambayo mapovu yake huzaliwa ndani ya chupa yenyewe. Remedios alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akawatazama. Alisema tangu aanze biashara hajaona uteuzi wa namna ile, na kwamba Chepkoech amepata pua mpya. Chepkoech alicheka. Alikuwa na furaha iliyomtisha kidogo. Wakati mwingine akiwa peke yake stoo, alifungua chupa ya fino, ule mvinyo mkavu wa Jerez unaonukia lozi na mkate mbichi, akanusa taratibu, huku akimweleza mtoto kwa sauti ya chini ni kitu gani hicho na kinatoka wapi.

Mwezi wa sita wa mimba ulikuwa umeanza tu. Ilikuwa Jumapili katikati ya Septemba, wametoka kanisani, Kipchirchir amebeba mfuko wa unga na sukuma wiki. Ndani ya lifti, Chepkoech alihisi maji yakimtiririka miguuni. Mwanamke mmoja wa Kibangladeshi aliyekuwa nao aliona kabla ya Kipchirchir kuona. Ndiye aliyekibonyeza kitufe cha kurudi chini.

Hospitali walifanya walichoweza, nacho hakikuwa kingi. Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka kimya, akabaki kimya. Muuguzi alimfunga kwenye kitambaa chenye maua madogo, akamweka mikononi mwa Chepkoech, akazima taa kubwa ya dari na kuwaachia ile ya pembeni.

Kwa Wakipsigis, kabila lao, mtoto huchukua jina kutoka wakati aliozaliwa au jinsi alivyozaliwa. Chepkoech alizaliwa kukipambazuka. Kipchirchir alizaliwa kwa haraka, mkunga akiwa bado njiani. Chepkoech aligeuza uso dirishani.

"Mvua inanyesha," alisema.

Akamgeukia tena mtoto.

"Ni Cherop."

"Usimpe jina," Kipchirchir alisema. Alikuwa amesimama karibu na mlango, bado amevaa tai ya kanisani. "Ukimpa jina hatutaweza kutoka humu."

"Ameshalipata."

Daktari aliwaambia kwamba mara nyingi sababu haijulikani. Alisema Chepkoech hakufanya kosa lolote, akarudia mara mbili, polepole, akimtazama mmoja kisha mwingine. Wakamzika mtoto huko Scarborough, kwenye sehemu ya makaburi iliyotengwa kwa watoto wachanga. Mchungaji alikuwapo, na Chelagat, dada mkubwa wa Chepkoech aliyeishi Richmond Hill na familia yake, na Landry, ambaye alisimama mbali kidogo na wengine akiwa ameshika kofia. Remedios alituma maua, akauliza kama aiahirishe karamu. Chepkoech alimjibu asiahirishe, mvinyo umeshachaguliwa, Landry anaujua.

Wiki chache baada ya mazishi, Chepkoech alikuwa amekaa jikoni akichambua maharagwe. Kipchirchir alikuwa kwenye sinki, anaosha vyombo, na simu ameiegemeza dirishani huku mama yake akisikika kwenye spika, kutoka Bomet. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe. Kisha sauti ya mama ikabadilika.

"Nasikia huyo msichana kazi yake ni pombe," alisema. "Miaka yote hii mnanificha. Mtoto atakaaje tumboni mwa mtu anayeishi ndani ya pombe?"

Hakujua kwamba Chepkoech anasikia. Chepkoech aliacha kuchambua. Alingoja mume wake aseme neno moja tu, kwamba si hivyo, kwamba daktari amesema. Kipchirchir alijifuta mikono, akaishika simu, akazima spika na kuiweka sikioni.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilimwambia aache."

Alipokata simu, bomba lilikuwa bado linamwaga maji.

"Sikutia hata tone mdomoni," Chepkoech alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Najua."

"Basi mbona umemjibu hivyo?"

Kipchirchir alifunga bomba. "Nimemjibu kilichotokea. Nilikuambia uwe mwangalifu na kazi hiyo, ukasema harufu hailewi mtu."

"Wewe ni nesi, Kipchirchir."

"Nikiwa kazini ni nesi." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Hapa mimi ni mtu ambaye mtoto wake amekufa. Ungekaa nyumbani, leo nisingekuwa na swali kichwani. Lingekuwa jambo la Mungu tu, basi. Sasa nina swali, na haliondoki."

Chepkoech aliyarudisha maharagwe yote kwenye mfuko, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa. Alikwenda chumbani akatia nguo kwenye begi, akampigia Chelagat. Kipchirchir hakumzuia. Alimbebea begi hadi chini, akaliweka kwenye gari la shemeji yake, akasimama pale kwenye maegesho mpaka gari likapinda kona.

Richmond Hill alipewa chumba cha mpwa wake, kitanda kimoja na ukuta uliojaa picha za wachezaji wa hoki. Dada yake hakumwuliza mambo mengi. Asubuhi alimpa chai ya maziwa, jioni ugali, na siku ambazo Chepkoech hakutoka chumbani, alimwekea chakula mlangoni akafunga taratibu.

Alirudi kazini Oktoba inaelekea ukingoni. Remedios alimkumbatia, akamkalisha kwenye kaunta kabla mgahawa haujafunguliwa. Akatoa chupa ambayo kwa kawaida haifunguliwi ovyo, Rioja ya zamani ya daraja la juu kabisa, akamimina kidogo.

"Sasa unaweza kunywa," alisema.

Alisema kwa upendo. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na Chepkoech alilijua hilo. Akaichukua glasi. Alinusa, akasubiri. Akakumbuka maneno yote yanayofaa: cheri iliyokaushwa, vanila, tumbaku, ngozi. Maneno yalikuwapo, harufu zilikuwa mbali, kama mazungumzo ya jirani nyuma ya ukuta. Akaonja. Ulikuwa mvinyo mzuri, mtu yeyote angesema hivyo. Pua yake ilikuwa imerudi kuwa pua ya kila siku, na hiyo nyingine ilikuwa imekwenda na mtoto.

Akaomba radhi, akashuka stoo, akakaa juu ya kreti. Landry alimfuata baada ya muda, akakaa kwenye kreti ya pili.

"Nieleze karamu ilivyokuwa," Chepkoech alisema.

Landry alimweleza. Albariño iliisha haraka kuliko walivyotarajia. Priorat iliwagawa watu, wengine waliona ni kali, wengine wakaomba tena. Glasi ya mwisho ilikuwa ya kusini, ile tamu ya Pedro Ximénez, ambayo zabibu zake huanikwa juani mpaka zisinyae, na mvinyo wake hutoka mweusi na mzito kama asali iliyoungua. Walipoimwaga juu ya aiskrimu ukumbi ulinyamaza.

"Mzee mmoja akaniuliza ni nani aliyechagua," Landry alisema. "Nikamwambia ni mwenzangu."

"Ukaishia hapo?"

Landry aliinama. "Akauliza uko wapi. Sikujua la kusema, dada. Nikasema uko likizo ya uzazi. Akasema nikufikishie pongezi. Nisamehe. Lilinitoka tu."

Chepkoech alikaa akiitazama sakafu.

"Ulisema vizuri," akasema hatimaye. "Ndiko nilikokuwa."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwishoni mwa Novemba, Kipchirchir alikuja Richmond Hill. Chelagat alimfungulia mlango bila kumwamkia, akaenda jikoni kumtengenezea chai, maana mgeni ni mgeni. Kipchirchir alikuwa amekonda. Alikaa kwenye ncha ya kochi.

"Sikuja kukuchukua," alimwambia mke wake. "Nimekuja kupiga simu. Nataka usikie."

Akampigia mama yake, akaweka spika. Huko Bomet ilikuwa jioni; walisikia mlango wa zizi ukifungwa.

"Mama, Chepkoech yuko hapa anasikia," alisema. "Nilikuambia uongo. Si uongo wa maneno tu, na wa kunyamaza pia. Hakunywa. Hakuna aliyekosea. Mimi ni nesi, najua, na nilijua siku ile. Nilitaka tu pawe na mtu wa kulaumiwa asiyekuwa Mungu."

Akaisogeza simu karibu na mke wake.

"Na mtoto alikuwa na jina. Alikuwa anaitwa Cherop."

Wakadhani simu imekatika. Kisha mama akasema, "Haya." Akauliza kama huko kuna baridi. Akasema ng'ombe wanamngoja. Ndivyo ilivyokwisha.

Chelagat alileta chai, nao wakainywa wote watatu. Chepkoech hakuondoka naye siku hiyo. Alimsindikiza hadi kwenye gari, akamsaidia kupangusa theluji kwenye kioo kwa mkono wa koti, akarudi ndani.

Alirudi Crescent Town baada ya mwaka mpya. Hapakuwa na sherehe. Waliishi kwa adabu, kama wapangaji wawili: asante, samahani, umekula. Kipchirchir alilipokea koti lake na kulitundika chumbani karibu na lake, na Chepkoech aliliona hilo, lakini hakulisemea. Kuna siku mmoja wao aliamka asiweze kuongea kabisa, na mwenzake akamwacha.

Mwezi wa Februari, Kipchirchir alimwambia, "Sijawahi kukuona ukifanya kazi. Naweza kuja?"

Alikuja Jumamosi mchana. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, akaagiza kondoo na maji. Chepkoech alikuwa akihudumia meza ya jirani, mume na mke wa makamo waliosema wanapenda mvinyo mwekundu lakini hawajui chochote cha Uhispania. Akawaeleza. Hakuwatisha kwa majina. Alichora ramani hewani kwa kidole, hapa milima, hapa mto, hapa mawe meusi ambayo hayashiki maji, kwa hiyo mzabibu unalazimika kupeleka mizizi chini sana. Kipchirchir aliacha kula. Hakuigusa glasi ya mtu, wala hakuuliza swali. Alitazama tu, mpaka nyama yake ikapoa.

Alimngoja amalize zamu, wakapanda treni pamoja kurudi mashariki. Behewa lilikuwa limejaa watu na mifuko yao. Walipata viti viwili vya kando.

"Wale watu walikusikiliza," Kipchirchir alisema.

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na Cherop ulikuwa unamweleza hivyo?"

Chepkoech aligeuka kumtazama. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu zile saa za stoo.

"Landry aliniambia makaburini," Kipchirchir alisema. "Alikusikia siku moja. Alidhani najua."

"Nilikuwa namweleza, ndiyo."

"Nini, kwa mfano?"

Treni ilitoka chini ya ardhi ikapita juu ya daraja la bonde la Don, mwanga ukaingia kwa ghafla, na huko chini mto ulikuwa umeganda pande zote mbili. Chepkoech alifungua mdomo aanze na fino, mji wa Jerez ulivyo mweupe, mapipa yanavyopangwa. Badala ya maneno yalimtoka machozi, mbele ya watu wote. Kipchirchir hakumwambia anyamaze. Aliutoa mkono kwenye glavu, akamshika, wakapitiliza kituo chao.